Uso Wangu Chini ya Habari Ile

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la maji katika ranchi moja upande wa Ndara. Kazi yake ilikuwa kujaza mabirika ya ng'ombe wakati wa kiangazi, na kwa kuwa kiangazi cha kwetu hakina adabu, alikuwa na kazi karibu mwaka mzima. Alilala hukohuko ranchini, akija nyumbani Voi Jumamosi mchana, vumbi jekundu likiwa limemwingia mpaka kwenye kope. Mimi nilifundisha chekechea. Tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili pamoja na binti zetu wawili, na pale mtaani kila mtu aliniita Mwalimu, basi.

Mbele za watu mume wangu ni mkimya. Nyumbani, akishaoga na kuwekewa chakula, alikuwa akifunguka. Alinisimulia jinsi ndovu walivyojifunza kung'oa bomba na kunywa kabla ya ng'ombe, jinsi msimamizi alivyomkimbia nyati akasahau kiatu. Binti zetu walicheka mpaka wakapaliwa. Nilizipenda sana Jumamosi hizo.

Jumamosi moja alikula bila kusema kitu. Nilipomuuliza, alisukuma sahani kando.

"Tumemkuta twiga kwenye waya," akasema. "Waya umekata mguu mpaka mfupa. Na bado alikuwa amesimama, mama watoto. Anatuangalia tu."

"Mkamfungua?"

"Tulienda kuita askari wa wanyamapori. Tuliporudi tulikuta kichwa na ngozi. Nyama ilishaondoka." Akatazama watoto, akapunguza sauti. "Wanaibeba kwa pikipiki kwenye magunia ya makaa. Inaingia mjini, inatundikwa, unauziwa ukiambiwa ni ng'ombe."

Mimi huenda ibada ya kwanza, ile ya asubuhi mapema, na zaidi ya Jumapili moja nilikuwa nimeona pikipiki ikishusha gunia la makaa nyuma ya bucha ya mtaani kwetu. Sikuwa nimewahi kujiuliza bucha inafanya nini na makaa mengi hivyo.

Siku chache baadaye, nikiwa jikoni naangalia maharagwe yasikaukie, nilifungua simu nikakuta habari kwenye tovuti moja ya habari za huku kwetu. Ilihusu nyama ya porini. Mwandishi aliandika kana kwamba jambo hilo linatokea mbali sana, kwa watu wasiojulikana. Chini yake kulikuwa na maoni ya wasomaji, na waliotoa maoni walijiita Mwananchi, Mpenda Haki, Mgeni, Mzalendo wa Kweli. Hakuna aliyekuwa na uso. Nikasema na mimi nitie neno langu humo, niwe mmoja wao.

Tovuti ilitaka kwanza nijisajili. Jina, barua pepe, paswadi yenye herufi kubwa na namba. Maharagwe yalikuwa yanafurika. Chini ya hayo yote kulikuwa na kitufe cha buluu: endelea kwa kutumia akaunti yako ya mtandao wa kijamii. Nikabonyeza. Ukaja ukurasa mwingine wenye maandishi madogo madogo, na chini yake neno moja kubwa, kubali. Nikakubali. Nilidhani ni kama kuonyesha kitambulisho langoni: askari anakitazama, anakurudishia, unapita.

Niliandika hivi: "Msiseme ni huko porini tu. Hapa Voi mtaani kwetu kuna bucha, nyama inashushwa Jumapili alfajiri kwa pikipiki kwenye magunia ya makaa. Mume wangu anafanya kazi ranchini, ameona twiga kwa macho yake. Serikali mko wapi?"

Nikatuma. Tovuti ikanijibu kwamba maoni yangu yamepokelewa na yatatokea baada ya kukaguliwa. Nikaweka simu, nikageukia sufuria, na kusema kweli nikasahau.

Jambo la kwanza lilitokea shuleni. Mwalimu mwenzangu alinishika mkono tukipanga vikombe vya uji, akaniambia, "Mwenzangu, wewe una moyo." Nilidhani anasema juu ya darasa langu, ambalo lilikuwa limejaa kupita kiasi, nikamshukuru. Akanitazama kwa namna ya ajabu, akaondoka.

Kisha mama anayeniuzia mboga, ambaye hawezi kukufungia sukuma wiki bila kukupa habari za mtaa mzima, akanifungia kimya. Nilipoaga aliitikia huku anatazama barabarani.

Siku hiyohiyo jioni, jua likiwa bado kali, nikapita mbele ya bucha. Mwenye bucha alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye kwa miaka yote tuliyokaa pale aliniita Mwalimu. Alitoka nje akijifuta mikono kwenye aproni, akaniita. Lakini hakuniita Mwalimu. Aliniita kwa jina la Kidawida, lugha ya kwetu, nililopewa na bibi yangu, jina ambalo nililiacha nyumbani kwetu Wundanyi nilipoolewa. Pale Voi hata wenzangu wa kwaya hawakulijua. Mahali pekee nilipokuwa nalitumia ni kwenye akaunti yangu ile, ili niliosoma nao wanipate.

Nilisimama. Nilihisi kama mtu amenigusa mgongoni.

"Habari za Wundanyi?" akauliza.

"Nzuri."

"Na mzee huko ranchini, hajambo?"

"Hajambo."

"Msalimie sana."

Akarudi ndani. Ni hayo tu. Hakukunja uso wala kupandisha sauti. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nimebana mkoba kifuani, nikijaribu kukumbuka ni lini nilimwambia mtu yeyote jina hilo.

Jumapili iliyofuata tulirudi kutoka kanisani sote wanne. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa kidato cha pili, alitangulia kufungua mlango, na akasimama. Kwenye komeo kulikuwa kumetundikwa mfuko mpya, na ndani yake furushi la karatasi ya kaki. Damu ilikuwa imeanza kupenya kwenye karatasi.

Mume wangu alilifungua furushi juu ya meza ya nje. Ilikuwa nyama. Nyama nyingi, nyekundu, iliyokatwa vizuri. Akaigeuza kwa kidole, upande huu na upande huu.

"Nani ameleta?"

"Sijui."

"Haina mfupa hata mmoja," akasema. "Mtu akikutolea mifupa yote, hataki ujue ni mnyama gani." Akanitazama. "Umesema nini na watu?"

"Sijasema na mtu."

Na niliamini nasema kweli, kwa maana sikuwa nimefungua mdomo mbele ya yeyote.

Binti yetu mkubwa ndiye aliyesema. Alikuwa anachezea vifungo vya gauni lake la kanisani. "Mama, si ni ile komenti?"

"Komenti gani?"

"Ile ya twiga. Nilionyeshwa leo kanisani. Nilidhani Baba anajua."

Akachukua simu yangu, akatafuta, akanipa. Habari ilikuwa ileile. Chini yake, katikati ya Mwananchi na Mpenda Haki, kulikuwa na uso wangu. Nilikuwa nimeweka kwenye akaunti picha tuliyopigwa siku ya sherehe ya wafanyakazi wa ranchi: mimi natabasamu, mume wangu na ovaroli lake, lori nyuma yetu na namba zake zinasomeka, binti zetu mbele na sare za shule. Pembeni, jina la bibi yangu. Ukiligusa jina lile, linakupeleka mpaka kwenye ukurasa wangu, na huko utakuta ninapofundisha, nilipozaliwa, dada zangu, watoto wa dada zangu. Maneno niliyoyaandika jikoni yalikuwa yamewekwa pia kwenye ukurasa wangu mwenyewe, na watu niliosoma nao walikuwa wameyapongeza. Mmoja alikuwa ameandika, "Hongera dada, sema kabisa!"

Mume wangu alisoma polepole, kama anavyosoma karatasi za kazini. Alipofika mahali panaposema mume wangu anafanya kazi ranchini, alirudia mara ya pili kwa midomo bila sauti. Kisha akanirudishia simu.

"Umeniandika," akasema.

Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alichukua jembe akaenda nyuma ya choo, akachimba, akaifukia nyama ile pamoja na mfuko wake. Mbwa wa majirani walikuja wakakaa pale mchana kutwa. Hawakufukua. Walikaa tu wakitazama udongo, na mdogo wetu akakataa kwenda chooni peke yake.

Alasiri hiyo niliyafuta maneno kwenye ukurasa wangu. Kwenye tovuti sikuona pa kufutia. Niliwaandikia wenye tovuti nikiwasihi waniondoe, nikawaeleza kwamba sikujua uso wangu utatokea, kwamba nina watoto. Hawakujibu. Baadaye sana nikaona maoni yangu hayapo tena, lakini wakati huo hayakuwa na haja ya kuwapo, kwa sababu skrinshoti ilikuwa inazunguka kwenye kikundi cha simu cha mtaa, na kutoka hapo kila mtu aliitumia alikotaka.

Mume wangu alirudi kazini Jumatatu. Katikati ya wiki alinipigia, jambo ambalo hakuwa analifanya kwa sababu mtandao kule ni wa kupanda juu ya tangi.

"Askari wamekagua lori langoni," akasema. "Wamekuta waya chini ya kiti changu. Umekunjwa vizuri, mpya."

"Waya wa nini?"

"Wa kutegea."

Nilikaa chini pale nilipokuwa, kwenye kiti cha watoto wa chekechea.

"Ukasema nini?"

"Nimesema si wangu. Msimamizi anasema ananiamini." Nikasikia upepo. "Lakini waliouweka wanajua lori langu. Wamelitambua kati ya malori matatu. Na msimamizi anasema kwa usalama wangu nipumzike kidogo nyumbani."

Kupumzika huko hakukuwa na mwisho. Alirudi na godoro lake na taa yake ya mkononi. Barua ya kuitwa tena kazini haikufika. Sikuwahi kujua kama msimamizi alimwamini kweli au alitaka tu kutuondoa machoni pake.

Tangu hapo tulianza kuishi kama watu waliomo ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Tulifunga madirisha mchana. Binti zetu tulikuwa tukiwapeleka shule na kuwachukua, mmoja kwa mmoja, na yule mkubwa aliona aibu mbele ya wenzake. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, sote wanne tulikuwa tukinyamaza pamoja bila kupanga. Kila nikifungua simu nilikuta maombi ya urafiki kutoka kwa watu wasio na picha. Wengine walijiita kwa majina ya maua. Niliyakataa, yakaja mengine.

Kisha mwenye bucha akaja shuleni.

Ilikuwa saa ya uji. Nilimwona nje ya lango akiwa amesimama bila aproni, amevaa shati la kutokea, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa amepungua mwili. Watoto walikuwa wamenizunguka na vikombe vyao. Nilimwomba mwenzangu awashike, nikaenda mpaka langoni, lakini sikulifungua. Tukaongea katikati yetu kukiwa na vyuma.

"Mwalimu," akasema. Alikuwa amelirudia jina la zamani. "Ile nyama niliyowaletea, mliila?"

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Mliila?"

"Tuliizika."

"Ilikuwa ng'ombe," akasema. "Nilikwenda mwenyewe kichinjioni nikachagua. Nikatoa mifupa yote kwa mkono wangu, ili mpate nyama tupu. Kwa heshima. Nilitaka mjue sina ubaya na nyinyi, lakini nikashindwa kubisha hodi. Nikaona nitaanza vipi?"

Nilikuwa nimeiogopa nyama ile kuliko kitu chochote maishani.

"Na makaa?" nikauliza.

Akatazama barabarani pande zote mbili. "Ni kweli uliyoyaona. Sitakudanganya hapa mbele ya watoto. Lakini mimi huletewa tu, Mwalimu. Nilikubali mara moja, wakati biashara imekufa, na ukishakubali mara moja hakuna mlango wa kutokea. Sasa wananiuliza, huyu mwanamke amejuaje siku? Amejuaje saa? Amejuaje magunia? Wanadhani ni mimi niliyekwambia."

"Waambie niliona mwenyewe nikienda kanisani."

"Nimewaambia. Wanasema nakutetea."

"Ni akina nani hao?"

"Wanaoleta ni vijana tu, wanatumwa. Wenyewe nawajua kwa simu." Akatoa simu yake mfukoni. Kioo chake kilikuwa na alama za vidole vyenye mafuta. "Hii si mimi niliyeitafuta. Ni wao walionitumia."

Ilikuwa picha yangu ileile, na maneno yangu. Lakini akasukuma kwa kidole, ikaja nyingine: lango la shule yetu, lililopigwa picha kutoka upande wa pili wa barabara. Akasukuma tena. Binti yangu mdogo, na gauni la kanisani, picha iliyokatwa kutoka kwenye ukurasa wa dada yangu, siku ya ubatizo wa mwanawe.

"Futa," nikamwambia. Sauti ilinitoka ya mtu mwingine. "Tafadhali, futa."

"Nikifuta mimi, wao bado wanazo." Hata hivyo alizifuta mbele yangu, moja baada ya nyingine, taratibu, akinionyesha. "Niliona ujue. Hameni kama mna pa kuhamia. Na mimi naangalia pa kwenda."

Alipoondoka nilisimama palepale hadi mtoto mmoja akaja kunivuta sketi, akitaka kuongezewa uji.

Haikupita muda mrefu, bucha haikufunguliwa. Watu walisema ameugua. Kulabu zilionekana kupitia kioo, tupu, na nzi wachache wasiojua kwamba pamekwisha. Wiki iliyofuata mke wake alikuja kwangu. Tulikuwa tunafahamiana kwa salamu tu. Alikaa kwenye kiti cha mume wangu, akakataa chai.

"Dada," akasema, "mimi sikuja kwa ubaya. Nimesikia alikuja kuongea na wewe shuleni. Hakukwambia anaelekea wapi?"

"Alisema tu anaangalia pa kwenda."

"Simu yake haipatikani. Nguo zake zote ziko."

Alisema hivyo, nguo zote ziko, kisha akaweka viganja juu ya magoti akavitazama. Nilitaka kumwomba msamaha na sikujua kwa lipi hasa, kwa sababu nilichoandika kilikuwa kweli. Nilimsindikiza mpaka njiani. Hadi tunahama, hakuwa amesikia lolote, na namba aliyoniachia nilipoipiga miezi kadhaa baadaye ilikuwa haitumiki.

Tulihamia Mboghoni, kwenye shamba la baba mkwe. Huku maji yanapita kwenye mifereji, na ukiwa na zamu yako ya kumwagilia huwezi kufa njaa. Mume wangu alilizoea jembe haraka kuliko nilivyotarajia. Akirudi shambani namuuliza habari, ananijibu, "Ni njema." Naweka chakula, anakula, anashukuru. Sijui ndizi zinasemaje wala jirani amefanya nini kwenye mfereji. Yuko nami, ni mwema kwangu, na hanisimulii kitu.

Akaunti ile niliifunga. Kabla ya kuifunga, binti yetu mkubwa alinionyesha mahali ambapo panaorodheshwa milango yote niliyowahi kuifungua kwa ufunguo ule. Nilidhani nitakuta tovuti moja. Zilikuwa nyingi. Mchezo wa kupanga matunda niliocheza siku nilipolazwa na mtoto. Mapishi. Maswali ya Biblia. Nafasi za kazi ambazo sikuzipata. Kila moja ilikuwa imeandikwa kwamba niliiruhusu kuona jina langu, picha yangu na marafiki zangu.

"Tukiondoa hapa, wanarudisha walichochukua?" nikamuuliza.

"Hapana, Mama. Hawataendelea kuchukua kingine, ndiyo hivyo tu."

Tukaondoa zote. Dada yangu aliitoa ile picha ya ubatizo, akalia kwenye simu, nikamwambia haikuwa kosa lake.

Mwezi uliopita alikuja mnunuzi wa ndizi ambaye hatukumjua. Alikuja na pikapu, peke yake, akasema ameelekezwa na watu wa Njukini kwamba mume wangu ana mikungu mizuri. Ni kweli anayo. Walizunguka shambani pamoja, wakirudi nikawasikia wakiongea juu ya mvua. Nilikuwa napepeta mahindi kivulini.

"Nyinyi mlikuwa Voi, sivyo?" yule mtu akauliza.

"Sisi ni wa hapahapa," mume wangu akajibu, bila kusita.

"Ah. Nimefananisha."

Akatoa simu akaanza kupiga picha mikungu iliyokuwa imelazwa kwenye nyasi, akirudi nyuma hatua moja moja ili iingie yote. Nilipoona kamera ya simu inaelekea upande wangu nikainama kama ninayeokota punje, nikabaki nimeinama. Nilisikia mume wangu akisogea akasimama kati yetu.

Yule mtu alichukua mikungu miwili tu, hakubishana bei, akatuaga vizuri kwa adabu zote. Pikapu lilipokwisha kupita daraja la mfereji mume wangu aliniambia niingie ndani, nikaingia. Pengine alikuwa mnunuzi wa ndizi.